Stakabadhi ya Samaki

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hapa Michenzani sote wazima, na goti la mama yako limepoa.

Unauliza serikali ikipungukiwa na fedha ipandishe kodi au ipunguze wafanyakazi. Ujanani nilikuwa nikitoza ushuru na kukata stakabadhi kwenye mnada wa samaki Chwaka. Hali ilipobana, ushuru ukapandishwa ili sisi watozaji tusiachishwe kazi. Wavuvi hawakugombana na mtu. Wakaanza kuuzia samaki majumbani, na mnadani nikabaki mimi na paka. Haukupita muda, nikaachishwa.

Siku ile ile nilitaka kitoweo, nikabisha hodi kwa mvuvi mmoja. Akaniuzia mtungo wa changu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, stakabadhi utataka?"

Nikamwambia sitaki.

Babu yako,
Msellem