Themostati Aliyoichagua Baba kwa Vidole

Jumamosi jioni. Mvua imepiga mabati ya hapa Shirere tangu saa nane na sasa imebaki ya kudondoka tu. Moyo wangu umetulia, ingawa una aibu kidogo. Acha nianze na hiyo aibu.

Baba anaishi nami tangu presha ya macho ilipomalizia kumchukulia mwanga. Kabla ya hapo alikuwa kijijini Shianda, na kabla ya kustaafu alichunga boila ya mvuke katika kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na sita. Huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Mimi ni mtu wa vifaa. Nyumba hii taa zinawaka kwa simu, geti linafunguka kwa simu, hata pampu ya maji naiwasha nikiwa ofisini. Kilichobaki kilikuwa hita ya bafuni.

Wiki mbili zilizopita niliiacha juu sana nikakimbilia kazini. Baba akaingia kuoga. Maji yakamwunguza bega.

Niliporudi mchana hakunilaumu. Alisema tu, "Ni maji, mama. Maji hayana macho, na mimi pia sina." Akacheka mwenyewe. Mimi nilienda kulia nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo.

Ndiyo maana jioni tatu mfululizo nimekuwa nikisoma habari za themostati, vidhibiti vya joto la maji, hizi za kisasa za kuunganisha na simu. Nilishachagua moja: kioo kitupu, nyembamba, nzuri kama pambo. Leo asubuhi nikachukua mwavuli niende mjini kuinunua. Baba akasimama mlangoni akiwa ameshavaa koti.

"Kitu cha kuogea mimi, unaenda kukichagua peke yako?"

Nikamshika mkono. Tukaenda wote.

Dukani, mama muuzaji alimpa ile ya kioo. Baba akaipapasa juu, chini, pembeni. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Ni kama kushika dirisha."

Nikamwambia iko nyingine ya kuongeleshwa. Muuzaji akaiwasha. Baba akakohoa, akanyoosha mgongo, akaiambia kwa heshima, "Punguza moto kidogo." Ikajibu kwa Kiingereza cha puani kwamba haijaelewa. Akarudia polepole. Ikamwomba msamaha.

"Huyu ni mgeni," Baba akasema. "Mrudisheni kwao."

Ya tatu sikuwa hata nimeitazama. Ina kitufe kikubwa cha mviringo, na kila ukikizungusha hatua moja kinatoa mlio mdogo, tik, na kidole kinasikia. Inaungana na simu pia, lakini sura yake ni ya kizamani. Muuzaji akamweleza kwamba inaanzia nyuzi thelathini na kila mlio ni nyuzi moja. Baba akainamisha kichwa, akazungusha taratibu, midomo ikihesabu.

"Arobaini na moja."

Muuzaji akaangalia. Ilikuwa arobaini na moja.

Sijawahi kuona uso wa Baba uking'aa hivyo tangu aje kwangu. Nilisahau kabisa ile ya kioo.

Fundi Shikuku akaja saa saba, akaifunga ukutani kwa urefu wa kifua cha Baba, akaondoka kabla mvua haijaanza. Na hapa ndipo nilipokosea. Jioni, Baba alipokuwa akitafuta taulo akaoge, nilifungua simu jikoni, nikashusha joto hadi thelathini na tano, nikakifunga kile kitufe kisitii mkono wowote isipokuwa simu yangu. Nilijiambia ni kwa usalama wake.

Sikumwambia.

Baada ya dakika kumi hivi alitoka bafuni, taulo kiunoni, akitetemeka.

"Mama, hiki kitu kinalia lakini hakisikii. Ni wewe umekishika?"

Ningeweza kusema labda ni intaneti. Kwa kweli sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Naogopa utaungua tena."

Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Pale boila nilichomeka mara mbili," akasema. "Hakuna mtu alikujanga kunishikia valvu. Na wewe, ukiwa na miaka minne, ulishika sufuria ya obusuma, ugali wetu, ikiwa motoni. Tulikupaka dawa. Lakini tulikufukuza jikoni?"

"Hapana, Baba."

"Basi. Weka kikomo, sikatai. Lakini tukiweke pamoja."

Tukaingia bafuni, mimi na nguo zangu za kazi za nyumbani, yeye na taulo yake, mikono yetu miwili chini ya bomba. Akawa anazungusha, mimi nasoma namba. Kwa thelathini na nane akasema hayo ni ya kuoshea vyombo. Kwa arobaini na mbili akageuza kiganja. "Hapa. Hapa ndio mwisho." Nikaandika arobaini na mbili kwenye simu kama kikomo, nikakifungulia kitufe, nikatoka nikarudisha mlango.

Sasa hivi ninapoandika bado yuko ndani. Mvuke unatoka chini ya mlango, na anaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kanisani, ile anayoiharibu miaka yote. Maji yataisha tangini na sitasema kitu.

Ninachojiuliza ni hiki: lile kufuli niliweka kwa ajili ya bega lake, au kwa ajili ya ule mchana niliolia kando ya kamba ya nguo?

Jumatatu nitakuwa ofisini, na simu itakuwa mkobani. Saa nne huwa anaoga. Nitajitahidi nisiifungue.