Majina Niliyoyaandika Mwenyewe

Jumatatu, 6 Februari

Usingizi hamna. Tangu nistaafu upolisi naamka saa kumi na moja kana kwamba kuna gwaride. Nirmala kachoka na mimi — anasema afadhali nilipokuwa inspekta, mke wangu huyu, alau nilikuwa natoka nyumbani.

Barua ya halmashauri imebandikwa mtaa wa Tekdi. Alhamisi saa tatu asubuhi tingatinga linakuja, nyumba mia na arobaini chini! Wakili wa wakazi anasema zuio la mahakama litatoka Ijumaa. Tunapungukiwa siku moja tu!

Sulochana, yule muuza mikate ya bhakri anayewaongoza kina mama, kasema watakaa barabarani lisipite. Kaniuliza mbele ya watu: wewe mgombea udiwani, utakaa na sisi au utakaa kwenye bango? Wakacheka. Nikacheka nao, lakini ilinichoma.

Jumanne, 7 Februari

Nimewaambia tufuate sheria, mkusanyiko unataka kibali cha polisi. Sulochana akabisha. Kibali cha nini, cha kukaa mlangoni kwangu? Niachie mimi, nikamwambia, miaka thelathini na mbili nimevitoa hivyo vibali kwa mkono huu.

Fomu nimejaza mwenyewe. Viongozi, majina ya baba zao, namba za nyumba. Langu juu kabisa, chini yake Sulochana na wenzake wanne. Inspekta Wankhede, niliyemfundisha kazi, aliruka kitini nilipoingia. Afande, ya kwako nasaini sasa hivi! Biskuti juu. Nimerudi kifua mbele, mjinga mimi.

(Hayo maneno mawili ya mwisho nimeyaongeza Jumatano.)

Jumatano, 8 Februari

Wamewakamata. Saa kumi jioni, gari moja, wote watano. Hawakuuliza njia, walikwenda nyumba kwa nyumba moja kwa moja.

Nami nilijua! Mungu wangu, nilijua! Kazi yetu ndiyo hiyo. Mkusanyiko kesho, viongozi leo ndani, kesho kutwa unawaachia na pole juu. Na majina tulikuwa tunayapata wapi? Kwenye fomu za kibali! Nimefanya hivyo mara ngapi, hata sikumbuki. Imekuwaje nikasahau? Nilikuwa upande wa pili wa meza, basi.

Baburao, mumewe Sulochana, hakupiga kelele. Aliniuliza tu: afande, jina lako si lilikuwa la kwanza? Mbona uko nje?

Nikakimbilia kituoni. Nikamate, nikamwambia Wankhede. Akacheka. Nikuweke wapi, afande, na mgongo wako huo? Akaagiza chai. Nikapiga meza, nikamtukana, akasema sawa afande, kunywa kwanza. Sulochana akaniona kupitia nondo, nimeshika kikombe. Nikamwomba msamaha. Msamaha wako kaa nao, akasema. Kesho kakae mahali pangu.

Naona aibu. Sijawahi kuona aibu namna hii.

Alhamisi, 9 Februari. Saa tatu kasoro robo

Naandika hapa hapa barabarani, nisipoandika nitapasuka. Kina mama wamefika, ishirini na kitu, wamekaa kwenye mkeka. Nikasema Sulochana kanituma nikae mahali pake. Hakuna aliyesogea hata inchi. Nimekaa kwenye kokoto, hatua tano kutoka kwao. Bibi mmoja katema tumbaku karibu na kiatu changu, akaangalia kando.

Tingatinga nalisikia. Askari kama arobaini, Wankhede mbele. Ameniona. Anapaza sauti, afande tafadhali, inuka, utaumia bure! Afande, afande — mbele ya watu wote hawa! Siinuki.

Baburao, aliyekaa nyuma ya kina mama, kasimama. Anawaambia wenzake, si mnaona? Anaandika tena! Safari hii anaandika majina ya nani?

Hakuna majina, nimemjibu, ni daftari langu la siku zote, mambo yangu tu. Basi tusomee, anasema. Kwa sauti. Tangu Jumatatu.

Tingatinga limekata kona na hakuna hata mmoja anayeliangalia, wote wananitazama mimi. Na mkono huu hauachi kuandika! Baburao anakuja. Ananyoosha mkono, nimpe dafta—