Mbio Wanazosema Nimeziuza

Jumatatu, 3 Machi
Kumsenga hadi Kibondo mjini na kurudi. Mvua imeacha utelezi. Nimeanguka, goti limechubuka. Kocha Bosco alikuwa nyuma na pikipiki, hakushuka. Alisema huko Hispania ninakokwenda kukimbia hakuna atakayenishika mkono. Simpendi huyu mtu. Lakini bila yeye nisingekuwa na safari.

Alhamisi, 6 Machi
Kanisa limetangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya mbio zangu. Hakuna kula wala kunywa mpaka jua lizame. Mchungaji amesema anayeombewa ndiye wa kwanza kufunga. Kocha amesema nikifunga sasa miguu itaisha, na atamwambia wakala wa huko achukue mwingine. Mama amefunga. Amelima akiwa amefunga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekula. Ugali wa muhogo na maharage, nyuma ya nyumba ya Kocha, kama mwizi. Mama alisikia harufu mikononi mwangu nilipomtua ndoo. Akaingiza maji ndani. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 9 Machi
Niliitwa mbele. Waliniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikauma. Mchungaji akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha nikimaliza wa kwanza. Vigelegele. Hakuuliza hao wanawake wengine wanakimbiaje.

Mama alikaa kiti cha mbele. Alivuka kutoka Burundi na mimba yangu na sufuria moja. Uraia amepata, lakini kuna watu hapa walikuwa bado wanamwita mkimbizi. Sasa wanagombania kumsalimia. Nikirudi mikono mitupu wataacha, nawajua.

Ijumaa, 14 Machi
Hispania. Chumba kizuri, baridi ya kijinga. Wakala ni kijana mwenye meno mazuri. Leo amenieleza kazi, dada mmoja Mkenya akitafsiri. Sikuletwa kushindana. Nimeletwa kuvuta. Nikae mbele ya wanawake wanaotafuta muda mzuri, niwakinge upepo, niwashikie mwendo, halafu nitoke barabarani kabla ya mwisho. Nikitoka nalipwa. Nikiendelea silipwi, na siitwi tena popote.

Kocha alijua. Nimempigia, akasema angeniambia ningekataa, na wengi huanza hivyo. Nimemtukana tusi ambalo sikujua kama ninalo. Kisha nimemwomba Mungu msamaha. Kocha sijamwomba.

Mama sijampigia. Ningemwambia nini, na Mchungaji ameshaonyeshwa?

Jumapili, 16 Machi
Nimekimbia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Hili liandikwe mahali, hata kama ni hapa tu. Nyuma yangu walikuwa wanahema. Mimi nilikuwa nasali. Nilipofika kwenye alama niliyopangiwa kutoka, miguu ilikuwa bado ipo.

Niliwaza kuendelea. Nilimwaza Mama. Wakala alikuwa pembeni, akanipungia mkono nitoke, kama anayefukuza mbuzi shambani. Nikatoka. Wakanipita bila kunitazama. Nilikaa kando ya barabara. Mzee mmoja akanipa chungwa. Nililichukia lile chungwa.

Jumanne, 18 Machi
Nimeongea na Mama. Walisimamisha ibada, wakaweka mbio kwenye televisheni ya kanisa. Waliniona niko mbele, wakaimba. Waliniona natoka na kukaa chini. Mchungaji akauliza kuna dhambi gani katikati yetu. Mama akasimama akasema nilikula siku za mfungo. Mama yangu mzazi. Amenisimulia mwenyewe, bila haya.

Ijumaa, 21 Machi
Nyumbani. Hakuna aliyekuja stendi kunipokea.

Mchungaji na wazee wa kanisa wamekaa kwetu, wamekunywa chai ya Mama. Nimeeleza kwa Kiswahili, nimeeleza kwa Kiha. Ni kazi. Nililipwa niwavute wenzangu, kisha nitoke. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Kwa hiyo binti, ulipewa hela ili usishinde?"

Nikasema siyo hivyo.

"Ulipewa au hukupewa?"

Nilipewa. Wakatazamana. Ule ugali wangenisamehe. Hili la kuuza mbio wameliweka karibu na Yuda. Nikamtaja Kocha, wakamwita. Akasema hajui lolote. Anafunga ndoa katika kanisa hilo hilo mwezi ujao, hawezi kugombana na wazee. Mwoga. Natamani harusi yake inyeshewe.

Jumapili, 23 Machi
Benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Wao angalau wana watoto wa kuonyesha. Mama amehama kiti cha mbele mwenyewe, kabla hajaambiwa. Baada ya ibada alisimama mlangoni na mkono wake tayari. Watu wakapita.

Nyumbani alikula peke yake jikoni. Nikamwambia angefunga mdomo siku ile, tusingekuwa hapa. Nilitaka alie. Hakulia.

Jumatano, 26 Machi
Wakala ametuma ujumbe. Anataka nikavute tena, Ureno, mwezi Mei. Amefurahishwa na mimi. Ni yeye peke yake.

Mchungaji naye ametuma mtu. Nitubu mbele ya kanisa kwamba niliuza mbio, niahidi sitakimbia tena kwa hela, na Mama atarudishwa mbele. Hakunitaja mimi. Alimtaja Mama. Wanajua pa kubana.

Jioni Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema bila kuinua macho, "Mwana wanje, mwanangu, sema tu. Mungu anajua."

Nikamuuliza, kama anajua, nimdanganye ya nini.

"Siyo yeye utakayemwambia. Ni wao. Wewe unapanda ndege. Mimi ndiye ninayebaki nao."

Jumapili, 30 Machi
Nimetubu. Nimesema niliuza mbio. Ukweli niliueleza kwa lugha mbili na hawakuuelewa. Uongo wameuelewa mara moja, wakapiga makofi. Mchungaji amenikumbatia. Watu wamepanga mstari kumpa Mama mkono.

Nimemjibu wakala kwamba siendi. Ameandika sawa, basi. Amepata mwingine tayari.

Mama amelala mchana, kitu ambacho hafanyi. Yuko kwenye mkeka, mdomo wazi, viatu vya kanisani bado miguuni. Nimemvua, kimoja kimoja. Nimemchukia sana wakati namvua, na sikutaka aamke.