Neno la Kubandika Kwenye Koti

Kwako mume wangu mtoro,

Salamu sikupi kwanza, nitakupa ukishaona aibu. Mvua imenyesha ikakata, jirani amezaa na mtoto ameshaanza kutambaa, nawe hujakanyaga hapa. Kila ukipiga simu uko bize. Hata nyuki wako bize, mbona jioni hurudi mzingani? Haya, hujambo? Kile kikohozi kimepona? Unakula, au bado unalidanganya tumbo kwa chai? Sisi tupo, na hali yangu nitakueleza huko mbele, usiruke mistari.

Anayeandika ni mdogo wako, mjukuu wangu na mke mwenzangu. Mimi natia maneno, yeye anatia wino, na kila fungu likiisha namwambia anisomee, maana sikusoma lakini masikio ninayo. Leo nataka kukutangazia habari zake yeye, na nimemkataza kuona haya huku anaandika.

Unajua alipata kazi kwa dobi, lile duka la kona lenye mashine kubwa. Hafui, anakaa kaunta kupokea nguo. Kila nguo inayoingia hubanwa kikaratasi kwa pini, kinachoeleza ilivyokuja: ina doa wapi, imechanika wapi, ili mwenyewe asije kesho akadai ameharibiwa. Na kikaratasi huandikwa Kiingereza, kwa kuwa meneja wao, wanayemwita Pasi Moto, anaamini doa likiandikwa Kiingereza mteja habishi.

Basi akiwa bado kwenye majaribio, akaja mama mmoja mjane na koti la marehemu mumewe. Mke mwenzangu akalitazama, akaandika “old”. Maana yake unaijua kuliko mimi. Kwake yeye hilo lilikuwa neno la kazi zote: pazia limepauka, “old”, shati limefumuka, “old”, blanketi limeliwa na nondo, “old”. Yule mama akasoma, akachomoa pini, akalikunja koti lake taratibu kama anayemfunika mtoto, akaondoka nalo. Pasi Moto akasema akiondoka mteja mwingine namna hiyo, na mpokeaji aondoke naye. Msichana akarudi nyumbani analia, anasema heri asiandike kitu kabisa. Lakini aliyekuwa kabla yake hakuandika kitu, na duka likalipa gauni zima la harusi. Mbele moto, nyuma maji.

Nikamwambia futa kamasi uniletee lile sanduku la nguo. Nikatoa shuka, nikamuuliza likoje, akasema chakavu. Nikatoa shati la babu yenu, akasema chakavu. Nikamwambia wewe mtoto, una neno hilo moja tu dunia nzima? Shuka limepauka. Shati limefumuka pindo. Sufuria ni kuukuu, nyumba ni kongwe, rafiki ni wa zamani, nami ni mzee; hebu niite kuukuu uone kama utalala na meno yako. Kila neno lina ndugu zake, na ndugu hawalingani tabia: yupo wa kutumwa msibani, na yupo wa kutumwa kwenye ugomvi. Waingereza nao hawawezi kuwa maskini kiasi cha kuwa na neno moja. Nenda kawatafute ndugu zake.

Akawatafuta kwenye simu, akawa ananitajia tukimenya viazi. “Faded”, rangi imekimbia. “Frayed”, nyuzi zimechomoza ukingoni. “Worn”, limevaliwa likavalika. Akaja na mwingine, “shabby”, chakavu la kudharau. Aliponieleza tabia yake nikamwambia huyo mwache alale, ana matusi usoni. Tukawajaribu kwa nguo zetu wenyewe, yeye anabandika, mimi nakosoa. Kiingereza sikijui, lakini mwenye nguo atakayenuna namjua.

Yule mjane akarudi, maana doa la begani lilikuwa limewashinda madobi wengine. Safari hii mke mwenzangu hakuwa na haraka. Alilitandaza koti kaunta, akalipitisha mkono kotekote, akaandika: doa begani, kola “faded”, ncha za mikono “frayed”, bitana nzima. Kisha akamsomea kabla ya kubana pini, Pasi Moto kamsimamia mgongoni. Yule mama akaigusa kola, akasema: “Ndivyo lilivyo. Kola ni jua. Mikono ni ile meza yake ya kazi.” Akaliacha koti.

Jioni hiyo Pasi Moto alimwambia majaribio yamekwisha, kazi ni yake. Siku hizi wenzake wakikwama humfuata kumuuliza ndugu wa neno fulani, naye asipojua husema sijui, ngoja nikatafute. Nimemtangaza mtaa mzima nikiwa hapa kibarazani, hadi muuza mkaa akiniona anavuka barabara. Na avuke.

Sasa hali yangu. Barua zote zilizopita nilimwambia andika Bibi mzima, naye akaandika. Leo nimesema vilevile, akaweka kalamu chini.

“Bibi, hilo si neno lako. Nikikubandika hilo, nitakuwa nimempunja atakayesoma.”

Nilitaka kufoka, fahari ikanizidi. Kisu nimekinoa mwenyewe, nimlaumu nani kikinikata? Nikamuuliza basi mimi ningeletwa kaunta, angeniandikia nini. Akanitazama vile anavyotazama nguo za watu, bila haraka.

“Goti la kulia limelegea tangu ulipoanguka bafuni. Jicho moja limefifia. Mshono bado umekaza. Ashikwe kwa upole.”

Ndivyo nilivyo, mume wangu. Nilianguka wakati wa mvua, nikawakataza wote wasikwambie, usije ukaacha kazi ukakimbia. Usilie, sijachanika. Nimevalika tu.

Wasalimie wote wanaokuvumilia huko. Jirani na mtambaaji wake wanakusalimu, na mke mwenzangu ananiambia niseme anakusalimu pia, kana kwamba kalamu haiko mkononi mwake.

Ukija, usibishe hodi ukasimama nje kungoja nikufungulie. Kutoka kitandani hadi mlangoni siku hizi ni safari. Sukuma uingie.

Mimi mke wako wa kwanza,
Bibi