Upande wa Vijicho

Jumamosi

Vyote kumi na viwili! Mama amefunga vibaya, hapa nyumbani, vyambo vyote vya manyoya vya kuvulia samaki anavyopeleka kiwandani Jumatatu. Vijicho vya risasi, vile vishanga vizito vya kuzamisha chambo, vimekaa upande usiofaa wa ndoana. Nilitumbukiza kimoja kwenye beseni, kikalala ncha ya ndoana chini badala ya juu. Huko baharini kitanasa mawe tu.

"Kimelalaje, Chebet?" Mama akauliza, na beseni liko mbele yake.

Kumbe macho yake yamefifia kuliko anavyotuambia. Kiwandani wakijua, watamfuta kazi.

Nikamwambia kimelala sawa.

"Mwongo wewe. Leta wembe tukate uzi. Vijicho utafunga wewe, manyoya nitapapasa kwa vidole."

Tumerudia vyote, na vimetoka vizuri. Lakini Jumatatu narudi shule ya bweni, naye ataketi kwenye meza ya kiwanda peke yake, bila mtu wa kumfungia vijicho.