Chama cha Jumamosi

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoka kazini, miguu imevimba. Maharagwe yako motoni. Ochieng' hayupo tena, Jumamosi ya tatu hii. Nimempigia. Amejibu kwa haraka kwamba yuko chama na Dorji, akakata. Chama? Huyu mume anayecheka chama chetu cha akina mama kila mwezi? Dorji ni jirani wa mlango wa pili, Mbhutani wa kule milima ya Asia, mpole mno. Wapole ndio wa kuogopwa.

Jumanne, 11 Machi
Nimekutana na Dorji kwenye ngazi. Amekumbatia kichwa cha mbao, chekundu, macho matatu, meno nje. Akanisalimia vizuri tu. Shetani mtupu. Nyumbani Kenya tulionywa juu ya vyama vya namna hii. Unaingia kwa urafiki, unatoka bila roho.

Ijumaa, 14 Machi
Ochieng' anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Amekonda. Ni hao wanamnyonya. Nikimuuliza, ati ni kazi ya stoo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekasirika hadi nikaunguza chapati.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemfuata. Haltom City, mji wa jirani, ukumbi nyuma ya duka la matairi. Nimebeba Biblia na mafuta ya upako. Ndani ni ngoma na tarumbeta ndefu kama mabomba. Wenye vinyago wanazunguka polepole: fuvu, fahali, kunguru. Ochieng' hachezi. Ameketi mbele na watoto, anatazama.

Mke wa Dorji akanipa chai ya chumvi. Akanieleza kuwa haya ni mazoezi ya sikukuu yao, na ngoma yenyewe inaitwa cham. Cham, si chama. Hizo ndizo sura mtu hukutana nazo akishakufa. Ukizizoea ungali hai, hutashtuka. Mumeo, akasema, anataka kuzizoea mapema.

Kisha akaniona uso. Alidhani najua.

Jumapili, 16 Machi
Sikuenda kanisani. Ni ini la Ochieng'. Daktari alimwambia Januari. Ati hakutaka nishinde na wagonjwa kazini halafu nirudi kwa mwingine. Mimi nesi, nimelala kando yake miezi hii yote nikitafuta mashetani. Nimemfokea. Nimelia. Nimemfokea tena.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeomba off. Tumeketi mbele, pamoja na watoto. Fuvu likapita karibu hadi nikasikia harufu ya jasho la mchezaji.

Ochieng' hakushtuka. Mimi nilishtuka. Itabidi nirudi.