Chumba cha Mtaa wa Juu

Jumapili, 3 Juni 1956

Ninadai, na nitalitetea neno hili mbele ya yeyote: kijana mwenye kazi na adabu anastahili chumba safi, salama, na cha kodi anayoimudu, bila kuhojiwa kama mshitakiwa. Mji huu wa Same unakataa. Wiki ya tatu sasa ninalala kwa karani mwenzangu, wawili chumba kimoja. Mimi, niliyerudi na shahada!

Kwangu peke yangu ningevumilia. Lakini Dina, mdogo wangu, anatakiwa ashuke kutoka kwetu Chome, mlimani, Jumatatu ya tarehe 11 kuanza kujifunza uuguzi. Baba ameandika: bila nyumba salama, hashuki. Jibu analitaka kwa mkono wa Gideoni, dereva wa lori, anayepanda mlimani Jumamosi. Dina asiposhuka, nafasi anapewa mwingine.

Jumatatu, 4 Juni

Mtaa wa stesheni. Kodi ni rahisi kupita zote. Mlango hauna komeo, na ukuta wa nyuma ndio ukuta wa kilabu cha pombe. Nikamwuliza Yahaya, mwenye nyumba, wanywaji huondoka saa ngapi.

"Pombe ikiisha, bwana msomi."

Kuhusu komeo akasema wezi wa pale wanamjua, hawamgusi. Yeye! Na mpangaji je?

Jumanne, 5 Juni

Mtaa wa sokoni. Chokaa mpya, ua umefagiwa, milango mizito. Bi Zaituni, mjane mwenye nyumba, aliitikia shikamoo yangu vizuri sana. Kisha: mke yuko wapi? Sina, nitakaa na dada yangu.

"Mwanangu, vijana wasiooa nimewapangisha wengi. Wote walikuwa na dada."

Nilimpinga kwa hoja tatu. Akazisikiliza zote, akaniletea kahawa, akakataa. Nilipotaja shahada, aliuliza kama inajua kupika.

Jumatano, 6 Juni

Nimepata! Mtaa wa juu, kwa watu wa milimani kama sisi. Vyumba viwili kwa Mzee Aminiel, kodi ya wastani. Maji ya mfereji yanapita nyuma ya nyumba. Mlango wa jirani, Mama Eliwaza, unatazamana na wetu, na hapiti mtu asiulizwe atokako. Baba atalala usingizi.

Sharti moja: kesho asubuhi ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Kila nyumba itoe mtu. Nikakubali. Msaragambo mjini! Nilidhani kazi za kuitana kwa baragumu tuliziacha mlimani.

Barua ya Baba tayari nimeiandika.

Alhamisi, 7 Juni

Baragumu saa moja, kazi bomani saa moja na nusu. Mzungu, mkubwa wangu wa kazi, hasikilizi habari za mifereji. Nikatumia akili: nikamlipa Kurwa, mpagazi wa stesheni, aende na jembe kwa niaba yangu. Mabega yake ni mara mbili ya yangu. Mfereji umepata faida!

Jioni Mzee Aminiel aliitikia shikamoo yangu akitazama pembeni.

Ijumaa, 8 Juni

Nimenyimwa chumba!

"Ulituletea kibarua," akasema Mzee Aminiel.

Nikauliza: kazi ilifanyika au haikufanyika?

"Ilifanyika. Kurwa alichimba kama watu wawili."

Basi?

"Basi Kurwa tunamjua. Wewe bado."

Nikamweleza kuhusu boma, saa za kazi, maana ya uwakilishi. Akasema ningekuja kumwambia usiku wa Jumatano, wangenipangia siku nyingine. Sikwenda, kweli. Lakini desturi isiyotamkwa nitaijuaje? Mama Eliwaza akadakia kutoka jikoni kwake: "Mtoto wa Chome hujui msaragambo? Au ulitaka tukukatie risiti ya matope?" Wakacheka hadi watoto.

Na chumba? Wamempa Kurwa! Alichimba nao, akala makande nao, akaulizwa anaishi wapi. Nimemlipa mtu ili aninyang'anye nyumba!

Kurwa mwenyewe alinifuata hadi njia panda, kofia mkononi. "Usinichukie, bwana. Vyumba ni viwili, mimi na mke wangu chatutosha kimoja. Dada yako aje akae nasi. Mzee amesharidhia." Na mimi? Akatazama chini. "Wewe hawajasema."

Jumamosi, 9 Juni

Barua ya Jumatano nimeichana. Mpya nimeianza mara nne. Kila mara naishia "Mpendwa Baba". Niandike kwamba binti yake atahifadhiwa na mpagazi niliyemkodi? Nyumba ni salama, siwezi kukana. Nisipoandika, Dina atabaki mlimani kwa ajili ya kiburi changu — hayo ni maneno ya karani mwenzangu, si yangu. Gideoni amepiga honi mara mbili.

Kwanza hili, nitakalolibandika leo mlangoni pa baraza la mtaa:

Mzee Aminiel, nijibu hadharani, kesho saa kumi, mbele ya wapangaji wote. Kazi iliyofanywa vizuri na kulipwa kwa haki imepungukiwa nini? Nijibu kwa hoja, wala usiniletee methali!